“Weka tena kidole, bibi”

Kitambulisho cha Taifa ni ngao ya mwananchi wa Kagera. Lakini alama ya kidole ikishatoka mkononi mwake, analindwa na nani?

IJUMBI, MULEBA. Dole gumba la bibi limeingia weusi wa utomvu. Ameshinda asubuhi nzima akimenya ndizi, na utomvu wa ndizi hauna adabu: ukishakauka hautoki kwa sabuni wala kwa jivu. Kijana wa laini, aliyekaa chini ya mwamvuli kando ya barabara, anamshika mkono na kukikandamiza kidole juu ya kimashine kidogo kilichounganishwa na simu yake.

“Weka tena, bibi. Imekataa.”

Bibi anaweka. Kijana anatazama kioo cha simu, anakifuta kidole kwa pindo la fulana yake, anakipulizia. “Tena.” Mara ya tatu wanahamia mkono wa kushoto. Ya nne inakubali. Kijana anafungua daftari, anaandika jina la bibi, namba ya kitambulisho chake na namba mpya ya simu, kisha anamkabidhi laini.

“Asante waitu,” bibi anasema. Anaifunga laini kwenye pindo la kitenge na kushika njia ya kibanjani kwake.

Kidole amekiweka mara nne. Laini aliyoondoka nayo ni moja.

Yawezekana kabisa kwamba hakuna baya lililotendeka. Vidole vilivyolima, vikamenya ndizi na kuchuma kahawa maisha yote huchakaa, na mistari yake hufifia mpaka mashine isione kitu. Tatizo ni kwamba maneno yale matatu, “weka tena, imekataa”, ndiyo hayohayo anayoyatumia wakala mwizi. Anasajili laini ya kwanza, anasema mtandao unasumbua, anaomba kidole kwa mara ya pili na kusajili laini nyingine ambayo mteja hataiona kamwe.

Laini hiyo huuzwa. Siku moja itamwandikia mtu wa Mbeya au Tanga ujumbe ule tuliouzoea, “ile hela itume kwenye namba hii”, na polisi wakifuatilia jina watakuta ni la bibi wa Muleba.

> Mwaminifu na mwizi wanasema maneno yaleyale: “Weka tena, imekataa.”

Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na Jeshi la Polisi wameuonya umma mara nyingi kuhusu mchezo huu. Ripoti za TCRA zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa vinara wa namba zinazohusishwa na utapeli. Lakini namba inayotapelia Rukwa si lazima iwe imesajiliwa kwa kidole cha Rukwa. Kidole kinaweza kutoka popote penye mwamvuli, kimashine na mteja asiyesoma kilichoandikwa kwenye kioo.

Kutoka kipande hadi chipu

Kuchukua alama za vidole za Mwafrika si jambo la juzi. Katika Kenya ya mkoloni, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyao, wengi wakikining’iniza shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Kilikuwa karatasi ya kumdhibiti kibarua: anatoka wapi, anamfanyia nani kazi, na kama ametoroka. Jina halijafa. Mkenya wa leo bado huita kitambulisho chake “kipande”.

Tanzania ilitunga Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu mwaka 1986, kisha sheria ikalala zaidi ya miaka 20. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, ilianzishwa mwaka 2008, na Februari 2013 Rais Jakaya Kikwete akazindua utoaji wa kadi za kwanza: kadi yenye picha, chipu na namba ya tarakimu 20, nyuma yake kukiwa na kumbukumbu ya alama za vidole vya mwenyewe.

Hata hivyo, kilichoipeleka NIDA hadi migombani ni simu. Mei 1, 2019 ulianza usajili wa laini kwa alama za vidole, na asiye na namba ya NIDA akaambiwa laini yake itazimwa ifikapo Desemba 31. Siku chache kabla ya tarehe hiyo, Rais John Magufuli alisajili laini yake kwao Chato, wilaya iliyokuwa ndani ya Kagera kabla ya kuzaliwa Mkoa wa Geita, akaongeza siku 20. Kipenga cha mwisho kikapulizwa Januari 20, 2020.

Foleni za siku zile bado zinasimuliwa. Wengi walitoka na namba tu, kadi ikaja baadaye sana. Ndiyo maana katika nyumba nyingi kitambulisho kilikuwa karatasi iliyochapwa dukani na kupigwa laminesheni, inayotunzwa ndani ya Biblia au chini ya godoro. Hakuna aliyeuliza kidole chake kinakwenda wapi. Swali lilikuwa moja tu: laini isizimwe.

Ngao ya mpakani

Ukitaka kuelewa kwa nini mtu wa Kagera hawezi kuichezea kadi hii, tazama ramani. Mkoa huu, uliokuwa na watu takriban milioni 3 katika sensa ya 2022, unapakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Familia zimetawanyika pande zote za mipaka, lugha zinaingiliana, na swali la “wewe ni wa wapi?” lina uzito ambao mtu wa Dodoma haujui.

Fomu ya NIDA hupigwa muhuri na mtendaji wa kijiji, kisha ofisa wa Uhamiaji huanza kuuliza: baba alizaliwa wapi, na babu je? Kwa mwombaji mwenye bibi aliyetoka ng’ambo ya mto Kagera, dakika kumi za maswali hayo ni ndefu kuliko msimu wa kahawa.

Wananchi wana sababu ya kuogopa kukosa karatasi. Mwaka 2013 Serikali iliendesha Operesheni Kimbunga dhidi ya wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Miongoni mwa walioondolewa walikuwamo watu walioishi nchini kwa miongo mingi, wenye mashamba, wake na wajukuu. Kadi ya taifa, kwa mtu wa huku, ni jibu la kumpa askari kabla hajamaliza kuuliza.

Lakini ni Kagera hiihii iliyoshuhudia upande wa pili wa kadi. Wabelgiji waliwapa Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandika kabila katika miaka ya 1930, na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, neno hilo moja kwenye kadi liliamua nani avuke kizuizi na nani auawe. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, hapahapa mkoani, kwa muda wa takriban saa 24.

Kadi yetu haiandiki kabila, na hilo ni jambo la kushukuru. Funzo la Rusumo ni pana zaidi: aliyeandika kadi hakuwa aliyeitumia kuua. Taarifa huishi kuliko nia ya aliyeikusanya.

> Taarifa huishi kuliko nia ya aliyeikusanya.

Wanaoitetea wana hoja

Si haki kuizungumzia NIDA kana kwamba ilibuniwa kumnyanyasa mtu. Kabla ya alama za vidole, laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chochote, hata cha shule cha mtoto wa jirani, na mtoto huyo asijue. Tapeli alikuwa hana jina.

Mwaka 2016 uhakiki ulifichua zaidi ya watumishi hewa 10,000 katika mishahara ya Serikali: majina yaliyokuwa yakilipwa bila miili. Mtu mmoja mwenye vidole kumi hawezi kirahisi kuwa watumishi watatu. Wala hawezi kuchukua mikopo mitatu kwa majina matatu.

Faida zimefika hata kwa mkulima. Kwa namba ya NIDA anafungua akaunti kwa dakika chache, fedha za kahawa zinaingia huko badala ya kuhesabiwa mbele ya watu, na hakuna wa kumvizia njiani. Kijana anasajili jina la biashara, anaomba mkopo wa chuo, anaomba pasipoti ambayo tangu Januari 2018 nayo ina chipu. Kila mlango ufunguo wake ni uleule mmoja.

Ufunguo mmoja kwa milango yote ni raha ya mwenye nyumba, na ya mwizi pia.

Neno la siri hubadilishwa, kidole hapana

Namba ya siri ya simu ikivuja, unaibadilisha jioni hiyohiyo. Kadi ikipotea, unaripoti polisi na kuomba nyingine. Alama ya kidole ikivuja, imevuja mpaka kaburini.

Na huvuja hata kwa wenye uwezo. Mwaka 2015 Serikali ya Marekani ilikiri kwamba wadukuzi walioingia kwenye ofisi yake ya utumishi waliiba alama za vidole za watu milioni 5.6, wakiwamo wenye vibali vya kushika siri za nchi. Kama hao hawakunusurika, hakuna nchi yenye haki ya kuwaambia watu wake kwamba haiwezi kutokea kwao.

Kughushi kidole nako si sinema. Mwaka 2002 mtafiti wa Kijapani, Tsutomu Matsumoto, alitengeneza vidole bandia kwa jelatini, kitu cha kupikia peremende, na kuvidanganya vifaa 11 vya kusoma alama za vidole, mara nyingi kwa mafanikio. Mashine zimeboreshwa tangu hapo, lakini siri yake haijabadilika: hazijui kwa yakini kwamba huyu ni fulani. Zinalinganisha alama mbili na kukadiria zinavyofanana. Ukikaza kipimo, mashine inamkataa bibi mwenye utomvu. Ukikilegeza, inamkubali asiyestahili.

Upande wa kukataliwa ndio unaowaumiza maskini. Jirani zetu Uganda waliifanya kadi yao, Ndaga Muntu, kuwa sharti la huduma nyingi. Mwaka 2021 utafiti wa mashirika ya haki za binadamu ulikadiria kwamba huenda theluthi moja ya watu wazima hawakuwa nayo, na ulisimulia wazee waliokosa posho ya uzeeni na wajawazito waliorudishwa mlangoni pa hospitali. Baadhi ya mashirika hayo yaliipeleka Serikali mahakamani mwaka 2022.

Namba inayosema sana

Si lazima mdukuzi ahangaike na vidole. Kuna njia fupi, nayo inapita kwenye mashine ya kutolea kopi.

Tazama namba yako ya NIDA. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kila unapoitaja namba hiyo, umetaja umri wako kwa mtu asiyeuhitaji. Na wapo wengi ambao namba yao ya siri ya kutolea fedha kwenye simu ni ileile ya tarakimu nne: mwaka wa kuzaliwa. Aliyeokota kopi ya kitambulisho ameokota jina, sura, sahihi na, kwa bahati mbaya, tarakimu za kujaribia pochi.

Kopi hizi zinazaana. Ukifungua akaunti, kopi. Ukipanga chumba, kopi. Ukiingia kikundi cha kukopeshana, kopi mbili. Karatasi iliyotoka na wino hafifu hutupwa kwenye boksi pembeni ya mashine, na karatasi Tanzania haitupwi bure. Niliwahi kununua karanga za mia mbili stendi, katika mji nisioutaja, nikafungua kikoni na kukutana na uso wa mwanamke, namba yake na sahihi yake, vikiwa vimeloa mafuta ya karanga. Nilikichana. Sikujua cha kufanya zaidi.

Wizi wa aina hii hauhitaji kuvunja kituo cha kuhifadhia taarifa cha NIDA kule Kibaha, chenye walinzi na kuta. Unahitaji shilingi mia mbili.

> Kibaha kuna walinzi na kuta. Barabarani kuna daftari na mwamvuli.

Sheria ipo, je, imefika?

Haki ya faragha imo katika Ibara ya 16 ya Katiba. Mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Aprili 3, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Tume ya kuisimamia. Alama za vidole zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Anayekusanya taarifa za watu hutakiwa kujisajili kwa Tume, kumweleza mhusika anazichukua kwa ajili gani, kutozitumia kwa jambo lingine na kuzilinda. Mhusika anaweza kudai aone kilichoandikwa juu yake, kirekebishwe, na alipwe fidia akidhurika.

Ni sheria nzuri, ingawa haina ukamilifu. Mei 2024 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na wakili Tito Magoti, ilikuta baadhi ya vifungu vyake vina utata, ikaipa Serikali muda wa kuvirekebisha.

Wakenya walikwenda mbali zaidi mahakamani. Mradi wao wa Huduma Namba, ulioandikisha mamilioni ya watu mwaka 2019, ulisimamishwa na Mahakama Kuu Januari 2020 mpaka uwekwe utaratibu madhubuti wa kulinda taarifa, na kuchukua vinasaba kukapigwa marufuku. Oktoba 2021 mahakama ikabatilisha utoaji wa kadi kwa sababu Serikali haikuwa imepima kwanza madhara yake kwa faragha. Mwaka 2023 wakaikatiza kampuni ya Worldcoin, iliyopanga watu foleni Nairobi kupigwa picha za mboni za macho kwa ahadi ya sarafu za kidijitali, na Mei 2025 mahakama ikaamuru taarifa hizo zifutwe.

Msimamo wa majaji hao unafaa kuvuka mpaka: mtu hazuii vitambulisho kwa kudai ulinzi, anadai tu ulinzi utangulie. Sisi tulichukua vidole mwaka 2013, tukavifunga kwenye simu mwaka 2019, na sheria ya kuvilinda ikaanza mwaka 2023. Nyumba ilihamiwa kabla ya kuwekwa mlango.

Asiyeweza kukataa

Watetezi wa mfumo husema mwananchi ameridhia: amekuja mwenyewe, ameweka kidole mwenyewe. Lakini bibi wa Ijumbi angekataa vipi? Akikataa, hana laini. Bila laini hapokei fedha kutoka kwa mwanawe aliye Mwanza wala hajui malipo ya kahawa yameingia lini. Bila namba ya NIDA, akikutana na msako, hana la kuonyesha. Ridhaa ya mtu asiye na njia nyingine ni jina la heshima tu la amri.

Na kama hawezi kukataa, mzigo wa tahadhari hauwezi kuwa wake. Ni wa anayechukua: kampuni inayomtuma kijana barabarani kwa malipo ya kila laini anayosajili, benki inayorundika kopi ambazo ingeweza kuzihakiki kwa mashine, ofisi inayoomba namba kamili wakati jina lingetosha. Kila kidole kinapowekwa, ujumbe unaweza kwenda papo hapo kwa mwenye kidole, kwa sauti na kwa Kiswahili: umesajiliwa laini moja, au mbili. Mashine inayojua kusema “imekataa” haishindwi kusema imekubali mara ngapi.

Zipo njia za kujihami, na tuzitaje. Ukipiga *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda kwenye duka la kampuni husika ifutwe. Ujumbe wa tapeli uupeleke 15040. Kopi ya kitambulisho iandike juu yake imetolewa kwa ajili gani na lini, na iliyoharibika ondoka nayo. Namba ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa.

Nilimweleza bibi habari ya *106# kabla hajafika kwenye kona ya migomba. Alisikiliza kwa makini, akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akaigeuza geuza. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Akaniambia hana wasiwasi: kesho atarudi palepale chini ya mwamvuli, kijana amsomee.

Alasiri mvua ya ziwani ilianza kunyesha. Kijana alikunja mwamvuli, akatia kimashine cha vidole mfukoni, akatafuta pa kukimbilia. Daftari lilikuwa kubwa kuliko mfuko. Alilifunika kwa nailoni, akaliweka juu ya kreti la soda nje ya duka la jirani, akaondoka.